Kisima Namba Moja Kimekwenda Likizo

Kwenye ramani ya dunia, Jamhuri ya Fukuto hufunikwa na kidole cha mwalimu anayeonyesha nchi nyingine. Ndiyo maana wengi hawajaisikia. Lakini ipo, tena ni nchi yenye bahati: juu kuna baridi ya kuvalia makoti mawili, na chini ya makoti, chini ya viatu, chini ya mwamba wa kilomita mbili, kuna maji yanayochemka tangu kabla serikali haijaundwa. Serikali ilipoundwa iliyatangaza kuwa matunda ya uongozi bora.

Visima vilikuwa viwili. Kisima Namba Moja kilikuwa Tambuka, chini ya Mkurugenzi Mashauri Kindamba. Kisima Namba Mbili kilikuwa Kiloweko, ng'ambo ya bonde, chini ya Mkurugenzi Zawena Lukindo. Kila kimoja kilitoa mvuke na maji ya moto, yakapita kwenye mabomba kwenda kukausha majani ya chai, kutotoa vifaranga, kupasha wodi za hospitali na kuwafulia wananchi blanketi zao za sufu ya kondoo.

Wakurugenzi hawa walisoma darasa moja katika Chuo cha Ufundi. Zawena alitoka wa kwanza, Mashauri wa pili. Kwa miaka ishirini Mashauri alikuwa akieleza, hata pale ambapo hakuulizwa, kwamba mtihani wa mwaka ule ulikuwa wa ajabu ajabu. Faraja yake ilikuwa moja. Siku ya kugawa visima, Wizara ya Joto ilifuata alfabeti, na Kindamba hutangulia Lukindo. Kwa hiyo yeye ndiye aliyepewa Namba Moja, na hilo hakuna mtihani ungeweza kulifuta.

Meza yake ofisini iliangalia dirisha, na dirisha liliangalia Kiloweko. Katika droo alikuwa na darubini ya serikali, aliyoiomba kwa ajili ya uchunguzi wa hali ya hewa. Kila asubuhi, kabla hajasaini karatasi yoyote, aliitoa akachunguza hali ya hewa ya Zawena.

Hali hiyo haikumfurahisha hata siku moja. Mvuke wa Zawena ulikuwa mwembamba kama wa birika, ilhali ule wake yeye ulipanda mbinguni ukafunika jua la wakulima. Hata hivyo foleni ilikuwa kwa Zawena. Akina mama walivuka bonde na mabunda ya blanketi vichwani, wakampita Mashauri na wingu lake, wakaenda kwa yule mwanamke mwenye mabuti ya mpira na kitambaa cha kichwa kilichofungwa kama cha muuza ndizi. Tena walikuwa wakicheka. Darubini ilionyesha hata meno.

*

Ili msomaji asimhukumu vibaya Mashauri, ni vizuri aijue Sheria ya Matumizi Kamili, ambayo ni fahari ya Fukuto. Inasema kwamba kilichotoka ghalani kisirudi ghalani. Zamani ofisa elimu mmoja mwaminifu alirudisha pakiti tatu za chaki zilizobaki. Mwaka uliofuata alipunguziwa pakiti tatu, kisha akahamishiwa wilaya isiyokuwa na shule. Toka hapo kila mtu alielewa. Ikifika Desemba, maofisa wa Fukuto hupaka rangi kuta zilizopakwa Novemba, na madereva wa serikali huzunguka uani mchana kutwa hadi dizeli iishe.

Mashauri, mtumishi mtiifu, aliitumia sheria hiyo hata kwa maji. Yalitolewa na ardhi. Basi yatumike yaishe. Baada ya joto kuchukuliwa, maji ya Namba Moja yalielekezwa mtaroni, yangali yanafuka, yakateremka hadi mtoni ambako vyura walikwisha hama. Kuyarudisha chini kungekuwa kukiri kwamba yamemshinda kutumia, na ardhi, kama wizara yoyote, ingempunguzia mgao.

Fundi mkuu wake, Mzee Kihedu, alikuja kila mwaka na habari ileile: mgandamizo unashuka, mkuu, na joto linashuka nao. Mwaka wa nne Mashauri alichoka kuisikia. Akaamuru picha ya Mheshimiwa Rais itundikwe juu ya geji inayopima mgandamizo, iifunike kabisa. Kwa kuwa kisheria picha ya Rais haiondolewi, mgandamizo wa Kisima Namba Moja haukuonekana kushuka tena.

Kilichoshindikana kutundikiwa picha kilikuwa nyumbani. Alhamisi moja alijifutia uso taulo akanusa. Lilikuwa laini, lina harufu ya jua. Akamwita mkewe, Bi Sikudhani, mwalimu wa sayansikimu ambaye hakuwahi kutumia maneno kumi penye kazi ya manne.

"Mama Shani, mataulo haya yamefuliwa wapi?"

"Kwenye maji ya moto."

"Mimi mume wako nina kisima kizima cha maji ya moto."

"Una kisima cha maji ya vuguvugu," alisema Sikudhani, akiendelea kukunja shuka. "Siku kitakapotoa maji ya moto nitafulia kwako. Mafuta ya kondoo hayatoki kwenye blanketi kwa cheo."

Usiku ule Mashauri alijifuta kwa shati.

*

Kila mwaka Fukuto husherehekea Siku ya Mvuke. Ofisa Vipimo hupanda kilimani, hufumba jicho moja, hunyoosha mkono na kupima mvuke wa kila kisima kwa kidole gumba chake, ambacho kimehifadhiwa kisheria. Miaka sita mfululizo Mashauri alipata dole gumba na nusu. Zawena alipata nusu ya ukucha. Mashauri alipewa nishani sita, akazivaa zote hata kwenye misiba. Na miaka yote sita, wakati wa kupiga makofi, aliangalia upande wa Zawena aone kama ameumia, akamkuta anaongea na mtu habari za vifaranga.

Mwaka wa saba goti la Mheshimiwa Rais lilianza kuuma. Madaktari wa nje walimshauri maji ya moto. Basi Wizara ikatoa waraka: dole gumba limestaafishwa kwa heshima, na kuanzia sasa kipimo cha taifa ni mguu wa Rais. Mheshimiwa atautia mguu wake kwenye bwawa la kila kisima. Kitakachompendeza kitaitwa Kisima cha Taifa, na mkurugenzi wake atakuwa msimamizi wa visima vyote viwili. Mkurugenzi mwingine atakuwa msaidizi wake, na kila Jumatatu atakwenda kwake kutoa taarifa, akiwa amesimama.

Mashauri aliusoma waraka mara tatu. Mara ya tatu alijiona amesimama mbele ya yale mabuti ya mpira, kofia mkononi, akieleza kwa nini maji yake ni vuguvugu. Akaisukuma chai kando.

Zilibaki siku tano. Aliandika barua ya kutaka kutembelea Kiloweko kwa ajili ya kubadilishana uzoefu, maana katika Fukuto hakuna jina lingine la kwenda kuchungulia.

Zawena alimpokea vizuri, na hilo lilimuudhi. Alimpa kiti, chai, na mayai mawili yaliyochemshwa kwenye maji ya kisima. Mayai yalikuwa yameiva sawasawa. Mashauri alitafuna huku akitafuta kasoro, akakosa. Kisha Zawena akamtembeza. Hakumficha kitu; mtu aliyezoea kuficha huona jambo kama hilo kuwa ni dharau. Walilifuata bomba moja nene lililotoka kwenye mtambo likiwa na maji yaliyokwisha poa, wakatembea mwendo wa nusu saa, wakaipita kambi ya wachuma chai, hadi nyuma ya kilima. Huko bomba lilizama ardhini, na pampu ndogo ya kijani ilikuwa inanguruma.

Mashauri aliuliza yanakwenda wapi. Zawena alisema yanarudi yalikotoka. Mashauri alishtuka kwa ajili ya Sheria, akauliza taarifa za mwezi zinasemaje. Zawena alimwambia kwamba kwenye taarifa anaandika maji yamemwagwa, na serikali haijawahi kugombana na mtu anayemwaga.

"Kaka Mashauri," alisema baadaye, wakiwa wamesimama kando ya pampu, "jirani akikuletea wali kwa bakuli lake, unamrudishia bakuli tupu?"

"Aibu hiyo."

"Hata kama huna kitu?"

"Hata kama huna utatia chumvi. Bakuli la mtu halirudi tupu."

"Basi huko chini ni kwa jirani. Ananipa maji na moto wake, namrudishia maji. Akipata maji ataendelea kupika. Ila namrudishia kidogo kidogo, na huku mbali, yapate safari ndefu ya kushika moto tena. Nikiyamwaga palepale ninapochotea, nitakuwa nimemzimia jiko."

Ni maelezo ambayo mtoto wa darasa la tano angeyabeba yote hadi nyumbani. Lakini wivu una masikio mabovu. Lilipofika neno la pili Mashauri alikuwa ameshaanza kukasirika kwamba siri ni nyepesi hivyo. Lilipofika la tatu alikuwa anapiga hesabu ya namna ya kumpita. Alipofika kwenye gari alikuwa amebaki na neno moja tu, rudisha. Kidogo kidogo, na huku mbali, alikuwa ameviacha kwa Zawena pamoja na maganda ya mayai.

*

Kesho yake aliyaita magari yote ya zimamoto ya mkoa. Yalikuja manne, moja likiwa na kengele lakini halina breki. Aliwaamuru wazimamoto wavute maji ya Ziwa Tambuka, ambayo alfajiri huwa na ganda la barafu, wayamimine moja kwa moja kwenye mdomo wa Kisima Namba Moja, mchana na usiku, hadi deni la miaka saba lilipwe. Sheria hakuivunja: kwenye fomu aliandika kwamba maji hayo ni zawadi.

Mzee Kihedu alivua kofia. Alisema mkuu, hicho ndicho kisima tunachochotea. Alisema moto wa huko chini haupendi kushtuliwa. Alisema hata chungu cha udongo kikiwa motoni humwagii maji baridi, kitapasuka.

"Yule anarudisha kwa bakuli," alijibu Mashauri. "Mimi narudisha kwa sufuria. Tutaona jirani atampenda nani."

Siku ya kwanza kisima kilinguruma. Siku ya pili kilikohoa, kikatikisa madirisha ya hospitali. Siku ya tatu kilinyamaza kabisa. Mashauri alikifurahia kile kimya. Alimweleza mkewe kwamba aliyeshiba hana maneno. Sikudhani akaenda kutoa blanketi za ziada kabatini, akawapelekea wagonjwa wodini, kwa sababu mabomba ya huko yalikuwa yamepoa toka adhuhuri.

*

Mheshimiwa Rais aliwasili na mawaziri kumi na wawili. Watatu kati yao walikuwa wa mguu: mmoja wa kufungua kamba za kiatu, mmoja wa kuvua soksi, na mmoja wa kuishika soksi isiguse ardhi. Bendi ilipiga. Waziri wa Joto alitoa hotuba ambayo ndani yake alithibitisha kwamba kabla ya Mheshimiwa kuzaliwa moto ulikuwa baridi.

Mashauri, na nishani zake sita, alizungusha gurudumu la valvu mwenyewe. Lilizunguka kwa wepesi uliomtia wasiwasi. Kisima kikajamba kidogo, kikatema tope la kijivu, kipande cha barafu, na samaki mmoja mdogo wa Ziwa Tambuka. Halafu hakuna kingine.

Mguu wa Rais ulikuwa tayari bwawani. Nchi nzima ilisubiri.

"Baridi," alisema Mheshimiwa.

Mawaziri kumi na wawili walikubaliana kwamba ni baridi. Watatu walitetemeka.

Msafara ukavuka bonde. Kiloweko hakukuwa na bendi, maana Zawena alikuwa amesahau kuomba. Mheshimiwa alitia mguu, akatia wa pili, akalala usingizi dakika arobaini, na mawaziri wakapeana ishara za kupumua polepole. Mashauri alisimama nyuma yao akiyasikiliza makoromo yale. Hakuna hotuba iliyowahi kumchoma kama koromo la Rais kando ya maji ya Zawena. Kwa mara ya kwanza aliona wazi alichokifanya: hospitali yake imepoa, mashine za kutotolea vifaranga zimepoa, na Jumatatu inakuja.

*

Lakini Fukuto ni nchi ya haki, na haki hukaa kwenye tume. Tume iliundwa, ikakaa wiki sita katika hoteli iliyopashwa joto na Kisima Namba Mbili, ikatoa matokeo.

Kwanza, Kisima Namba Moja hakijafa, maana mali ya serikali haifi bila kibali. Kimekwenda likizo. Pili, msimamizi wa visima vyote hatakuwa Bi Zawena, kwa kuwa taarifa zake mwenyewe zinakiri kwamba kwa miaka saba amekuwa akimwaga maji ya taifa. Tatu, Bwana Mashauri amepata uzoefu ambao hakuna mwingine anao nchini, wa kuzima kisima kwa siku tatu. Mtu wa namna hiyo ni hatari kuachwa penye kisima cha baridi, asije akachoka kwa kukosa kazi. Anapandishwa cheo, awe Msimamizi, na kituo chake kiwe Kiloweko. Bi Zawena, kwa kupenda kwake mambo ya kurudisha, apelekwe Tambuka akarudishe joto.

Mashauri aliisoma barua akiwa amesimama, kisha akaketi, kisha akasimama tena. Alikuwa amepewa kila alichokitolea macho kwa darubini: kisima, bwawa, foleni ya akina mama, hadi kiti.

Siku ya makabidhiano Zawena alikuwa na begi moja na yale mabuti. Alisaini alipoambiwa asaini. Hakulia wala kulalamika, na Mashauri, aliyekuwa amejiandaa kuwa mpole mbele ya machozi, alijiona amenyang'anywa kitu. Mlangoni Zawena aligeuka.

"Ile pampu usiizime, Mashauri. Mimi nichukie upendavyo, lakini pampu usiizime."

Hakuizima kwa wiki mbili nzima. Tatizo ni kwamba kila aliyekuja aliiita pampu ya Bi Zawena. Wachuma chai waliiita hivyo, watoto waliiita hivyo, hata fundi aliyeitia grisi. Halafu goti la Mheshimiwa likapona, mguu ukaacha kuwa kipimo, na dole gumba likarudishwa kazini. Pampu ilikuwa inakula mvuke ambao ungeweza kupanda mbinguni. Mashauri akaizima, maji yakaelekezwa mtaroni, na Siku ya Mvuke wingu la Kiloweko lilipimwa madole gumba mawili kamili, jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia. Alipewa nishani ya saba.

*

Huko Tambuka Zawena hakufanya kitu. Hivyo ndivyo Mashauri alivyoona kwa darubini, ambayo sasa aliielekeza upande wa pili wa bonde. Alimwona amekaa kwenye kigogo karibu na kisima kilichonyamaza, anashona sweta. Alimwona yeye na Mzee Kihedu wakitoa tope kwa siku kadhaa, wakichimba shimo jingine mbali kule machimbo ya mawe, halafu wakikaa tena. Kumbe alikuwa anaiachia ardhi ipashe maji yaliyotupwa humo kwa pupa, maana mwamba haufuati kalenda ya Wizara. Ilichukua miezi kumi na moja.

Miezi hiyo kumi na moja ilikuwa ya raha kuliko yote katika maisha ya Mashauri. Alinenepa. Kila asubuhi alitazama ng'ambo, akaona hakuna mvuke, akanywa chai vikombe viwili.

Mwezi wa kumi na mbili, asubuhi ya baridi kali, aliona uzi. Ulikuwa mwembamba sana hivi kwamba alifuta kioo cha darubini kwanza, akidhani ni unywele wake. Haukufutika. Ulikuwa mvuke, nusu ya ukucha, umesimama wima juu ya Tambuka.

Alirudisha macho kwake. Wingu lake lilikuwa kubwa, jeupe, zuri. Chini ya wingu bwawa lilikuwa halina mtu. Alikwenda akachovya kidole: maji vuguvugu, ya kupooza uji wa mtoto. Ilikuwa Alhamisi, na njiani kulikuwa na mstari wa akina mama wenye mabunda vichwani. Walikuwa wanateremka bondeni, kwenda Tambuka, na walikuwa wanacheka.

Alirudi nyumbani akafungua kabati. Blanketi hazikuwepo.

Sikudhani aliporudi jioni na mzigo wake, mkavu, laini, wenye harufu ya jua, alimkuta mumewe mezani, anaandika kwa mwandiko wake bora. Aliomba kuhamishiwa Tambuka kwa sababu za kiafya, akitaja kifua, hali ya hewa, na mapenzi yake ya siku nyingi kwa wananchi wa huko. Nafasi ya saini tu ndiyo ilikuwa imebaki. Sikudhani aliisoma akiwa amesimama nyuma ya bega lake.

"Ukienda kule, Zawena ataletwa huku?"

"Utaratibu ndio huo. Wakurugenzi ni wawili na visima viwili."

"Basi hama, Baba Shani. Mimi nabaki hapahapa, namsubiri Zawena."

Akaweka mzigo chini, akaanza kupanga blanketi kabatini kama mtu wa nyumba hiyo kwa miaka mingi ijayo. Mashauri alimtazama mkewe, akaitazama barua, akanyanyua kalamu, akaiweka. Alikuwa karibu kuichana. Halafu akageukia dirisha, akaona kwamba wakati wao wakizungumza uzi wa Tambuka umenenepa kidogo. Akasaini.